Maua Yanayovuka Dambo Kuelekea kwa Marita

Jua limeshachomoza upande wa Hasamba, lakini huku bondeni hakuna aliyeambiwa. Ukungu umejilaza juu ya majani kama ng'ombe mzee asiye na haraka ya kuamka. Ndani ya ukungu huo kuna mtu anaongea peke yake.

"Aida, mwanao Marita. Nimerudisha."

Kisha tope linanyonya, mguu unachomoka, hatua nyingine inapigwa. Kijembe kifupi kinazama ardhini. Sauti ile ile inarudi, safari hii karibu zaidi.

"Aida, mwanao Marita. Nimerudisha."

Ukungu unapasuka kidogo na mwenye sauti anaonekana: mwanamke mwembamba, kanga imefungwa kibwebwe, magoti yamejaa tope, kiroba kinaning'inia shingoni. Huyu ndiye Marita, mkazi wa kijiji kimoja nyuma ya Isansa, wilayani Mbozi. Anakaribia miaka hamsini, na zaidi ya thelathini ya hiyo ameitumia kuchimba chikanda.

Kwa msomaji wa mbali ambaye hajawahi kuumwa na njaa ya huku: chikanda ni kiazi kidogo, kikubwa chake hakizidi yai la kuku. Hukaa chini ya maua ya porini yanayoota kwenye mabonde ya majimaji, ambayo hapa mpakani na Zambia wenyeji wa pande zote mbili huyaita madambo. Nyasi zikishachomwa mwezi wa kumi, kabla hata tone la mvua halijaanguka, maua hayo huchomoza kwenye majivu. Meupe, ya waridi, ya manjano. Kila kitu kingine bado kimekufa, yenyewe yameshavaa.

"Mtu asiyejua hufurahi akiyaona," anasema Marita. "Mimi nikiyaona najua ardhi imeamka, na mtu akiamka usiku wa kiangazi lazima umuulize anataka nini."

Dambo lenyewe si mahali pa kupigia picha ya harusi. Juu kuna zulia la nyasi na mizizi, chini yake kuna maji ambayo hakuna aliyeyapima. Ukiruka hapa, kichaka cha kule kinaitikia kwa kichwa. Gazeti hili liliruka. Kichaka kikaitikia. Gazeti hili halikuruka tena.

Pembeni mwa vidimbwi kuna vijani vyekundu vidogo vyenye nywele zinazong'aa kama umande. Inzi akitua, nywele zinamkumbatia taratibu, na hiyo ndiyo habari yake ya mwisho. Marita anaviita maduka.

"Kwa sababu ukiingia hutoki?"

"Hapana. Kwa sababu haya angalau yana kitu ndani. Nenda la kijiji kama utakuta hata chumvi."

Ni kweli kwamba mwaka huu wa 1982 duka la kijiji linauza kufuli na rangi ya viatu tu. Sabuni imekuwa kama bwana harusi wa mjini: watu wanasimulia kwamba kuna aliyemwona. Ndiyo maana chikanda imepanda cheo. Marita akipata msimu mzuri hujaza debe moja kwa wiki, anakausha juani, kisha anapanda lori hadi Tunduma kwa mnunuzi wake, Mwanaisha.

Mwanaisha ni mtu wa Pangani aliyeletwa huku na mume dereva wa malori. Mume aliendelea na safari, yeye akabaki na meza sokoni. Anawauzia akina mama wa Zambia, ambao huvitwanga viazi hivyo, wakavichanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wakapika mpaka vikagandamana kama mkate mweusi wa kukatwa vipande. Yeye humlipa Marita shilingi mia na ishirini kwa debe, mwaka wenye noti. Mwaka huu ni mwaka wenye sabuni, na kuhusu sabuni hiyo imevukaje mpaka, kalamu yetu iliishiwa wino kidogo.

"Bamayo wanazipenda za Marita kuliko za mtu yeyote," anasema Mwanaisha, akitumia neno la Kibemba la kumwita mama kwa heshima, ambalo wateja wake hupenda kuitwa. "Lakini shoga yangu huyu ana wazimu wake. Kule kwao kuna mstari wa maua manene, yamenona kabisa, hayachimbwi! Namwambia, dada Marita, nipe mimi jembe. Ananiambia, njoo. Nikaenda siku moja." Anapanga upya viazi ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. "Sikuchimba."

Kwa nini hakuchimba?

"Wewe umefika?"

Tumefika.

"Basi usiniulize."

Ili mstari huo ueleweke, ni lazima kwanza ieleweke namna chikanda inavyochimbwa. Kila shina la ua limekalia viazi viwili. Kimoja ni cheusi, kimekunjamana, ndicho kilicholilea ua la mwaka huu. Cha pili ni cheupe, kimejaa, kinasubiri mwakani. Mchimbaji huchukua cheupe. Cheusi hukirudisha shimoni, anakifukia, anakikandamiza kwa kisigino, kisha analitaja jina la aliyemfundisha kazi na kusema amerudisha.

"Mtoto tunamchukua, mama tunamrudisha nyumbani kwake," anasema Marita. "Ukimchukua na mama, hapo hapataota kitu tena. Ukimrudisha bila kusema, hajui nani amemgusa."

Jina hutajwa kavu, bila mama wala bibi. Nje ya dambo, mtoto wa Kinyiha akilitamka jina la mama yake namna hiyo atatafuta meno yake kwa tochi. Ndani ya dambo, ndiyo adabu.

Lakini kuna sharti moja. Anatajwa aliye hai tu. Mwalimu wako akishazikwa, jina lake linatoka mdomoni mwako. Unamtaja mwingine, au unachimba kimya. Marita anaulizwa ni kwa nini, naye anajibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini asiweke mkono motoni.

"Kwa sababu ukimwita, anakuja."

Aliyemfundisha Marita ni mama yake mzazi, Aida. Na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa na ukungu.

Zamani familia hii iliishi ng'ambo ya dambo, upande wa pili. Mwaka 1974, mwaka wa kuhamia vijijini, walisogezwa upande huu penye barabara na shule. Walibeba walichoweza. Jiwe la kusagia la Aida lilibaki, kwa kuwa halikubebeka na kila mtu alisema kijijini mashine inakuja. Mashine haikuja haraka. Aida akaazima jiwe la jirani, akasaga siku chache, akachoka.

"Alisema unga wa jiwe la mwenzio una maneno ndani," anakumbuka Marita, akicheka. "Asubuhi moja ya mwezi wa kumi akasema anakwenda kulileta jiwe lake. Sisi tukadhani ni mzaha. Mwanamke yule alikuwa na mizaha."

Hakurudi. Watu wa kijiji walivuka kumtafuta. Kapu lake walilikuta ukingo wa ng'ambo, limekaa wima, kama la mtu aliyeliweka chini ili ajitwike mzigo. Jiwe halikuwepo kwenye nyumba ya zamani. Walilidunga dambo kwa miti mirefu huku na huku, likairudisha miti bila neno.

Hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na kaburi. Hakukuwa na kaburi, kwa hiyo Marita aliendelea kumtaja. Kila shimo. "Aida, mwanao Marita. Nimerudisha."

Oktoba iliyofuata, nyasi zilipochomwa, maua yalichomoza ovyo kama kawaida yake. Isipokuwa ukingoni kule, pale lilipokutwa kapu. Pale yalichomoza machache yaliyofuatana, meupe, moja mbele ya jingine, yakiwa yameachana kadiri ya hatua ya mtu aliyebeba kitu kizito.

Mwaka uliofuata yalikuwa yameongezeka. Yalikuwa yanaelekea huku.

Sasa ni miaka minane. Msururu umeshapita katikati ya dambo, pale ambapo hakuna mchimbaji anayethubutu kukanyaga, na ua la mbele kabisa liko karibu na ukingo huu kiasi kwamba Marita anaweza kulirushia kitambaa likafunikwa. Nyuma yake mengine yamepangana mpaka yanapotelea kwenye ukungu. Upepo ukivuma, maua mengine ya dambo hulala upande mmoja. Hayo hulala pia, lakini yanachelewa kidogo. Bwana shamba aliyewahi kupita alisema huenda ni njia ya zamani ya ng'ombe, udongo ukishindiliwa huota kitu tofauti. Ni maelezo mazuri. Ng'ombe tu ndiye hajaulizwa aliwezaje kupita katikati.

"Na wewe unapomwita, hujawahi kujibiwa?"

Marita anafuta kijembe kwa nyasi, upande mmoja, kisha wa pili.

"Mara moja. Juzi juzi tu, mwaka juzi. Nilikuwa nimechoka, nikachukua kiazi cheupe nikaondoka, cheusi nimekiacha juu. Nikasikia nyuma yangu, 'Umerudisha?' Hilo ndilo swali la mama. Alinifundisha kwa swali hilo tangu nikiwa na meno ya utotoni. Nikarudi, nikafukia. Sikugeuka kutazama. Wewe ungegeuka?"

Gazeti hili lilitafakari swali hilo na kuamua kulipeleka kwa msomaji.

Kama jambo lenyewe lingekuwa ni la maua na mwanamke mmoja, kijiji kingezoea. Watu huzoea hata mbu. Tatizo ni harusi. Mdogo wake Marita, Enoka, ana binti anayeitwa Lusungu, mwenye mchumba katika kijiji cha Mpemba, fundi seremala Nikodemo. Kwa desturi ya ukoo wao, binti hatoki kwenye nyumba yenye msiba usiofungwa. Bibi yake hajazikwa, hivyo Lusungu haolewi. Nikodemo amesubiri mpaka kitanda cha harusi alichochonga amekiuza, akachonga kingine, nacho kimeanza kutoa sauti.

Dawa ya jambo hilo wazee wanaijua. Mtu aliyepotea huzikiwa shina la mgomba lililovishwa sanda. Linaombolezwa, linafukiwa, watu wanakula, msiba unafungwa. Enoka alishapanga: Jumamosi.

"Akizikwa Jumamosi, Jumapili siwezi kumwita tena," anasema Marita, na kwa mara ya kwanza utani umemtoka usoni. "Nisipomwita, atasimama pale alipo. Miaka minane namtoa kule, hatua kwa hatua, nimwachie ndani ya maji na jiwe kichwani, ili nikale tu kipande cha keki ya harusi?"

Enoka ni mtu mpana, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, na raba zake za mvua anazitunza kuliko baiskeli. Tunamkuta akizifuta.

"Dada yangu nampenda," anasema. "Lakini anachota maji kwa tenga. Mama alizama. Hata mimi nilikuwa na mama huyo huyo, sikumwokota njiani."

"Wewe ulisema jiwe ni zito liachwe," Marita anamkumbusha kutoka jikoni.

"Lilikuwa zito!"

"Basi ndiyo maana anachelewa."

Ilikuwa Alhamisi. Marita aliomba jambo moja tu kabla ya Jumamosi: ampeleke Lusungu dambo, amwonyeshe kazi, ili mambo mengine yakifungwa hili lisifungwe nayo. Enoka alikubali kwa sharti kwamba naye aje, akasimame ukingoni na raba zake, ahakikishe mwanawe hafundishwi wazimu.

Wakaondoka watatu, na kalamu hii nyuma yao. Ukungu ulikuwa bado. Vyura walikuwa wanalia mpaka Lusungu alipotia mguu wa kwanza, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu akiingia.

Lusungu ni msichana wa kucheka, aliyemaliza darasa la saba na kushona mashuka yake mwenyewe ya harusi. "Shangazi, likinimeza mwambie Nikodemo kitanda akipunguze upana," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye hakumalizia vizuri.

Marita alimwonyesha ua la waridi, mbali kidogo na msururu. Akachimba, akaonyesha viazi viwili, akarudisha kimoja, akamtaja Aida, huenda kwa mara za mwisho mwisho. Kisha akarudi ukingoni kufunga kiroba chake, akamwachia Lusungu kijembe achague la kwake.

Msichana alitembea akitafuta pa kukanyaga pasipozama. Akapata ua moja lililosimama peke yake. Akachimba. Akatoa kiazi cheupe, akakipandisha juu tukione, kikubwa kama yai, akafurahi, akaanza kurudi.

"Umerudisha?"

"Ah, samahani shangazi, bado," alisema Lusungu, macho yakiwa bado kwenye tope. Akarudi shimoni, akakiweka kile cheusi, akafukia, akakandamiza kwa kisigino. "Nimerudisha, shangazi."

Akaja zake anatabasamu. Alipotufikia, tabasamu likakosa pa kukaa.

Enoka alikuwa anamtazama dada yake. Marita alikuwa amechuchumaa, mikono miwili imeshika mdomo wa kiroba, na kamba ameibana kwa meno. Alikuwa ameibana hivyo tangu aliporudi ukingoni. Mtu hawezi kusema neno na kamba ya katani kati ya meno. Gazeti hili lilijaribu baadaye, lilitoa mate tu.

"Nani ameuliza?" alisema Enoka, polepole.

Marita akaitoa kamba. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Miaka minane unaniambia nina wazimu."

"Sijasema umepona," alijibu Enoka, lakini alikuwa amevua kofia, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyeitwa na mama yake akiwa juu ya mti wa watu.

Lusungu ndiye aliyeona jingine. Alikuwa amegeuka kutazama alipotoka. Shimo alilolifukia, lile la kisigino chake, lilikuwa mbele ya ua la mwisho la msururu, sawasawa, hatua moja ya mtu aliyebeba kitu kizito. Baada ya hapo hakuna dambo. Kuna ukingo, nyasi kavu na njia ya kwenda kijijini.

Hakuna aliyempangia. Alikanyaga tu palipomshika.

Vyura hawakuwa wamerudi. Enoka alikuwa wa kwanza kusogea. Hakurudi nyuma, alishuka dambo na zile raba zake, tope likampanda mpaka magotini, akaenda akachuchumaa karibu na ile alama ya kisigino. Alichosema hakikusikika ukingoni. Hakikuwa kirefu. Tulimwona akiweka kiganja juu ya udongo, akakitoa haraka, kama mtu aliyegusa kitu chenye joto.

Aliporudi raba moja ilikuwa imebaki ndani. Hakuitafuta.

"Dada," alisema, "wewe ndiye uliyemleta. Sema wewe."

Marita alikaa akilitazama dambo. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kumsumbua, kama ya mtu anayepika kwa kuni mbichi.

"Amefika," alisema. "Aliyefika haitwi. Aliyefika anapokelewa. Jumamosi mzikeni, lakini si makaburini kwenu kule juu. Mzikeni hapa, ukingoni, asipande tena mlima. Na mmtue jiwe."

Jumamosi shina la mgomba lilizikwa ukingoni, limevishwa sanda, wimbo ukaimbwa, mchungaji akasali sala fupi huku akitazama ukungu mara nyingi kuliko kitabu. Juu ya kaburi Enoka aliweka jiwe la kusagia. Si la Aida; hilo halijaonekana mpaka leo. Aliliazima kwa jirani, na Marita akasema mama atalalamika, lakini angalau atakuwa analalamikia nyumbani.

Harusi ya Lusungu imepangwa baada ya kuvuna. Nikodemo anaongeza misumari.

Ukipita bondeni asubuhi sasa, hutasikia tena jina. Marita anachimba kimya, anarudisha kimya, anakandamiza kwa kisigino na kuendelea. Anasema ukimya huo ulimlemea siku za kwanza, ila vyura wamerudi. Mpango wake ni kwamba msimu huu uliobaki Lusungu achimbe naye kabla hajahamia Mpemba, ajue maua yote kwa majani yake, ya kuchukua na ya kuacha. Mwanaisha ameshaahidi meza ya pili sokoni. Na Oktoba ijayo, nyasi zikichomwa, wote wawili watakwenda kuangalia kama pale pa kisigino pametoa ua, na likiota, litakuwa la mwisho.

Lusungu, kwa kuwa amefundishwa na shangazi yake, atakuwa anamtaja yeye. "Marita, mwanao Lusungu. Nimerudisha." Tayari anafanya mazoezi akiwa jikoni, na baba yake amemwambia afanyie nje.

Je, Marita hana wasiwasi na hilo, jina lake kuitwa kila shimo, miaka na miaka?

Anacheka, kicheko kile cha mwanamke ambaye mama yake alikuwa na mizaha.

"Nimemwambia, niite vizuri wakati niko hai. Ila siku mkinizika, siku hiyo hiyo afunge mdomo." Anakitupia kiroba shingoni, anaingia ukungu. Sauti yake ndiyo inayobaki. "Mama alikuwa na jiwe kichwani, akachukua miaka minane. Mimi sibebi kitu."